Kikundi chetu cha masomo ya jinsia Moshi

Tangazo langu la kwanza la kikundi cha kusoma maandiko ya jinsia na ujinsia lilibanduliwa kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Moshi. Mkuu wangu akaniita ofisini, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, haya ni mambo ya akina mama, au ni yale mengine?"

Swali lile nililala nalo. Wengi wakisikia "jinsia" wanawaza semina ya wanawake, na "ujinsia" wanawaza chumbani tu. Asubuhi nikampelekea ukurasa mmoja: jinsi ni maumbile tunayozaliwa nayo, jinsia ni kazi, haki na heshima ambazo jamii inatugawia kwa kutazama maumbile hayo, ujinsia ni hisia, matamanio na mahusiano yetu, pamoja na yale tuliyofundwa kuyahusu. Akausoma wote, akagonga mhuri.

Walikuja kumi na mmoja. Nikawapa makala ya Kiingereza ya kurasa thelathini, na wiki iliyofuata wakarudi watatu.

Kilichowarudisha ni hukumu ya mahakama, niliyoisimulia kwa Kiswahili. Mwaka 1988, huko Muleba, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000. Mwanaukoo mwenzake akaenda mahakamani kupinga, kwa sababu mila ya Wahaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, siyo kuliuza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Hakuna aliyesema kitu. Dada mmoja wa shahada ya uzamili, mwenyeji wa Marangu, alikuwa anazungusha kikombe chake juu ya sahani. "Sisi Wachagga tunazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo," akasema. "Kaka zangu wameshagawana. Mimi sijaolewa. Nikifa nitalazwa wapi?"

Kijana aliyekaa mlangoni akamjibu: "Dada, mimi ni kitinda mimba. Nyumba ya baba ni yangu, na kumtunza mama ni juu yangu. Kaka zangu wako Dar es Salaam. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kubaki."

Siku ile tulitoka saa mbili usiku, na nikajua tumepata kikundi. Tangu hapo tunakutana kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Anayeleta andiko analieleza kwa Kiswahili kwanza, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ya nyumbani kwa mtu hayatoki nje ya chumba, na hakuna kurekodi. Sharti hili nalilinda kuliko yote, maana bila hilo yule dada asingefungua mdomo. Baadaye alifanya utafiti wake kuhusu mabinti wasioolewa na kihamba, na kila sura tuliisoma pamoja.

Tuna daftari la maneno pia. Mabishano makubwa ni juu ya neno la kuita kule kuwa mwanaume kunakotarajiwa na jamii. Wengi wakisikia "uume" wanawaza kiungo cha mwili, kwa hiyo tumeandika "uanaume". Mzee mmoja mwalimu wa Kiswahili hakubaliani nalo, na Alhamisi ijayo zamu ni yake.