Taa ya sevisi nimeizima mwenyewe, mia tano yangu iko mfukoni

Mwaka jana nilimlipa fundi 500 azime taa. Si ya kumwaga oili, oili nshalipia mbali na filta mbali, hii 500 ilikuwa ya taa tu, ile ya njano imeandikwa MAINT REQD, yaani gari yadai sevisi, iliyokuwa imenitolea macho kwenye dashibodi ya katoyota kangu tangu kabla ya Ramadhani. Akaniambia dada hii yataka kompyuta. Akaingia ndani akafunga mlango na vioo juu, joto lile mwalijua, dakika haijaisha katoka taa imezimika, mkononi hana kompyuta hana hata simu. Na mimi nikalipa na asante juu yake.

Mwaka huu imerudi. Siku za mwanzo ilikuwa yamweka tu nikiwasha gari halafu yapotea, nikajifanya sijaiona, mwishowe ikakaa moja kwa moja. Nikasema safari hii silipi mtu. Oili nikaenda kumwagiwa kama kawaida (kwa fundi mwengine, yule wa kwanza tumeachana kwa amani, yeye hajui tu kama tumeachana), nikarudi zangu nyumbani Tudor, nikaegesha kivulini, nikatoa kile kitabu cha gari ambacho tangu ninunue kazi yake ni kushikilia risiti za paking. Bahati yangu changu ni cha Kiingereza, wenzangu mlioletewa gari moja kwa moja kutoka Japani vitabu vyenu ni Kijapani mwanzo mwisho, hata picha mwazitazama kwa imani.

Sasa sikilizeni ilivyo, na mkicheka chekeni polepole. Watia ufunguo, wageuza mpaka taa zote za dashibodi ziwake lakini stata hupigi. Kuna kile kidude cha kubadilisha kilomita, kile wabonyeza ukitaka kuona TRIP A na TRIP B, kibonyeze mpaka isome TRIP A (yangu ni hiyo, ziko Toyota nyengine zataka ibaki kwenye ODO, angalia kitabu chako usinitukane mimi). Zima swichi. Halafu kile kidude kishikilie na kidole, kibonyee kabisa, na mkono wa pili geuza ufunguo urudi palepale, stata bado hupigi na kidole bado hukitoi. Hapo ndo mimi mara ya kwanza niliharibu, nilimuona paka kapanda boneti nikaachia, taa iko vilevile, nikaanza upya. Mara ya pili nikakaza kidole mpaka kikawa cheupe, vikaja vistari pale penye kilomita vikawa vyapungua kimoja kimoja, zikaja sifuri, taa ikazimika. Basi. Hiyo ndo kompyuta yenyewe, nimekaa nayo kwenye kidole miaka yote na sijui.

Wenye gari za kubonyeza hazina ufunguo, badala ya kugeuza ufunguo bonyeza ile swichi ya kuwashia mara mbili mguu uko mbali na breki, ukikanyaga breki gari yawaka na kazi yote bure. Na kama gari yako si Toyota hatua zaweza kuwa nyengine kabisa, zengine ni mpaka uingie kwenye menyu.

Lakini baada ya kufurahi nikakaa nikafikiri, kumbe hii taa haijui chochote kuhusu oili! Mimi nilidhani kuna kitu mle ndani ya injini chaonja oili kikiona nyeusi chapiga kelele, kumbe ni hesabu tu ya kilomita tangu mara ya mwisho mtu aliposhika kile kidude, ungekishika na oili ya mwaka juzi ingezimika vilevile na ingekaa kimya mpaka hesabu ijae tena. Na hesabu yenyewe ni ya mwendo, si ya kazi. Mimi kila siku navuka Likoni. Siku feri zimechelewa naweza kukaa saa nzima kwenye foleni injini yanguruma, AC nimewasha manake bila AC pale ni kupikwa, na gari imesogea mita 300. Kwa taa hiyo ni mita 300. Kwa oili ni saa nzima kwenye moto. Ndo maana mimi nafuata kile kikaratasi anachoandika fundi, kilomita 5,000 nyengine narudi bila kungoja taa, na kila Jumapili asubuhi injini ikiwa baridi nachomoa dipstiki naipangusa na kitambaa, nairudisha, nachomoa tena naangalia oili imefika wapi. Na ukienda kununua gari ya mtu akakuonyesha dashibodi haina taa hata moja, mwambie mashallah, halafu fungua boneti.

Msichanganye na taa zengine lakini. Ile ya njano yenye umbo la injini, hiyo ndo ya kupelekwa kwenye kompyuta kikweli. Na ile nyekundu ya kikopo chadondosha tone ni presha ya oili, ikiwaka ukiwa waendesha, toka pembeni uzime injini, usiniambie nilikuwa nimebakisha kidogo nifike Mtwapa.

Sasa kuna mzee wetu wa gorofa ya chini, sote twamwita Ami. Gari yake ina taa ya spana, nayo ni ya sevisi, mwezi uliopita kuna mtu kamwambia atoe waya wa betri dawa ni hiyo, asubiri robo saa arudishe. Katoa, karudisha. Taa ikamrudia vilevile, na redio ikajifunga, yaandika Kijapani na yataka namba ya siri, zile redio za Japani ukizikatia umeme ndo mambo yao, na mtu wa kuifungua anataka pesa nyingi kuliko ya oili. Alikuwa akisikiliza taarabu humo kila magharibi mpaka sisi wa juu twasikia.

Jumapili kaniona nimemaliza yangu, kaja.

"Mwanangu nisikia wewe ushakuwa fundi, hebu nizimie na yangu."

"Ami, oili umemwaga lini?"

"Oili ni mwezi ujao. Wewe nizimie tu, yanikera macho."

Nikamwambia aende amwage oili kwanza, akirudi na kikaratasi tutakaa na kitabu chake mpaka tuipate, na sitaki hata chai. Amenuna. Shikamoo yangu tangu siku hiyo aijibu kwa puani, na magharibi kimya.