Nilivyolifikia Kaburi la Kempinski Huko Weissensee

Watu wa Dar es Salaam na Nairobi tunalijua jina la Kempinski kwa sababu ya hoteli, lakini wachache hujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Berthold Kempinski alikuwa Myahudi, mfanyabiashara wa mvinyo, aliyefariki mwaka 1910 na kuzikwa katika makaburi ya Kiyahudi ya Weissensee, jijini Berlin. Nilipokuwa huko kwa masomo niliazimia kulizuru kaburi lake, na nililifikia, ingawa karibu kila ushauri niliopewa ulinipoteza.

Mwenzangu mmoja, mkazi wa Berlin kwa miaka tisa, aliniambia niende Jumamosi kwa kuwa ni siku ya mapumziko. Nilipanda tramu ya M4 kutoka Alexanderplatz, nauli Euro tatu na ushei, nikateremka Albertinenstraße, kisha nikaifuata kwa miguu barabara yenye jina la Herbert Baum, kijana wa Kiyahudi aliyeongoza kundi la kuwapinga Wanazi na kufa mwaka 1942. Lango lilikuwa limefungwa. Jumamosi ni Sabato, na hata Ijumaa hufungwa mapema. Jambo hilo angeweza kuuliza kabla ya kunituma kwenye mvua. Mwingine alisisitiza kwamba nikiingia nivue kofia kwa heshima ya marehemu, kumbe kwa Wayahudi mwanamume hufunika kichwa. Bahati nzuri nilikwenda Jumapili na kofia yangu ya viua niliyoshonewa Unguja. Mlinzi aliitazama, akatikisa kichwa kuafiki, nikaingia bila kuazima kofia nyingine. Kiingilio hakuna.

Palipo na kazi ni ndani. Makaburi haya yalifunguliwa mwaka 1880, yana ukubwa wa hekta 42, na wamezikwa humo zaidi ya watu 115,000. Niliipiga picha ramani iliyo karibu na lango, nikaingia moja kwa moja katikati ya kitalu, yaani sehemu ya makaburi alimozikwa, na kwa muda wa saa nzima nikawa nakanyaga mizizi na kufunua majani ya mtambaachi juu ya mawe, nikisoma majina ya watu wengine kabisa. Hapo ndipo nilipotambua mpangilio wake: katikati ya vitalu watu walizikwa safu kwa safu kadiri walivyofariki, ilhali familia zenye uwezo zilinunua nafasi pembezoni, kando ya njia na kuta, zikajenga makaburi makubwa yanayoonekana kwa mbali. Basi niliiacha katikati, nikaufuata ukingo polepole, nikiangalia miaka iliyochongwa, maana jiwe la mwaka 1909 lilinieleza kwamba nakaribia. Haikuchukua hata robo saa.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimejifunza alama chache za Kiebrania, na ninamsihi kila msafiri afanye hivyo. Juu ya mawe mengi zipo herufi mbili zenye maana ya “hapa amezikwa”, na chini zipo tano, zinazofupisha dua kwamba nafsi ya marehemu ifungwe katika furushi ya uhai, maneno yatokayo katika kitabu cha Samweli. Mikono miwili iliyonyooshwa vidole ni ya ukoo wa makuhani; birika ni la Walawi. Bila kuyajua hayo ungepita tu kama unayepita kwenye karakana ya mawe.

Maua sikupeleka. Niliokota kokoto njiani, nikaiweka juu ya jiwe lake kama ilivyo desturi yao, karibu na nyingine tatu zilizokwisha kuota ukungu wa kijani. Wakati wa kurudi nilisimama kwenye duara la mawe karibu na lango, yaliyoandikwa majina ya kambi walikouawa Wayahudi wakati wa Wanazi, nikalizunguka lote nikisoma moja baada ya jingine, kisha nikanawa mikono na kutoka.