Istanbul kwa pointi, mie na babake Nasra

Mume wangu anauza mapazia. Duka liko hapa Mombasa, karibu na Biashara Street, sio pale penyewe penye leso, ni kichochoro cha nyuma, na mzigo wake mwingi watoka Uturuki, kwa hivo tangu Nasra anatambaa mpaka sasa yuko sekondari huyu mtu ni wa kwenda Istanbul na kurudi. Walioolewa na wafanyibiashara wayajua haya maisha. Aondoka usiku, akifika apiga simu WhatsApp na huko nyuma wasikia selotepu zavutwa kraaa kraaa watu wafunga marobota, arudi amekonda, alala siku nzima, akiamka swali la kwanza ni kago imefika wapi. Kuna Idd alikuwa huko. Nilipojifungua wa pili alikuwa huko pia, mzigo umekwama, na aliyenipeleka hospitali ni mamake, kwa tuktuk, saa tisa za usiku, ashika tumbo langu na mkono mmoja na mwingine ashika chuma cha tuktuk.

Sasa kumbe hizo safari zote zilikuwa zaweka kitu pembeni. Zamani kuna kijana wa ajensi alimjazia fomu ya uanachama wa Miles&Smiles, mpango wa pointi wa ndege za Turkish Airlines, akampa namba, na kila tiketi ikikatwa ile namba yaandikwa na maili zaingia. Mwenyewe hakuwa na habari nazo. Nilizikuta mie mwaka 2022, nilikuwa namtafutia risiti fulani kwenye emaili yake nikaona ujumbe wasema maili kadhaa zitaisha muda mwisho wa mwaka. Nikamuuliza hizi nini? Akanambia aah hizo ni pointi, wenzangu wengine hulipia kilo za mzigo uliozidi.

Kwake yeye kila kitu ni kilo.

Usiku ule sikulala, watoto wamelala, yeye akoroma, mie na simu. Nikasoma yote. Nikajua kwamba maili haziingii sawasawa, tiketi ya bei ya chini huingiza chache na ya ghali huingiza nyingi, na kago ile unayolipia mabilioni haikuingizii kitu. Kwamba zakaa miaka mitatu halafu zafutika. Kwamba tiketi ya pointi si bure vile watu wasemavyo, ushuru na ada za uwanja wa ndege walipa keshi, na si hela ndogo. Na kwamba kila ndege ina viti vichache tu vya pointi, ukitaka vya likizo ya Agosti au wiki ya Idd utatafuta mpaka uchoke, lakini ukikubali kwenda katikati ya wiki, mwezi ambao hakuna shughuli, wavipata. Nikapiga hesabu mara mbili tatu. Zilikuwa zatosha watu wawili, kwenda na kurudi, na kachenji kidogo kubaki.

Asubuhi nikamwekea mahamri na mbaazi, nikamwacha amalize chai, ndo nikamwambia. Akafurahi, akasema basi vizuri, ataenda mara mbili kabla ya Disemba bila kununua tiketi, faida hiyo. Nikamwambia la. Nataka twende mie nawe, na bila mzigo. Akaniuliza wapi, Dubai? Nikamwambia huko huko Istanbul. Akacheka, akasema mama Nasra, huko kuna nini cha kuona, mie nakujua huko, ni baridi na maduka. Nikamwambia mie nataka niuone huo mji uliokaa na wewe kuliko mie.

Akanyamaza, akachukua funguo akaenda dukani.

Pale katikati pakaingia jambo la mamake. Kuna wifi yangu alisema, na hakusema vibaya, kwamba kama kuna tiketi za pointi basi mama apelekwe Umra, ndege hizo hizo zaenda Jiddah na Madina. Na mie moyoni nikaona ana haki, sasa nani ataenda kutembea na mumewe amwache mkwewe ambaye ndiye aliyemshika siku ile kwenye tuktuk? Nikaenda kumwambia mwenyewe, nikasema mama hizi pointi tunakupa wewe. Alikuwa achambua mchicha. Hakuinua kichwa. Akasema, Umra yangu naiwekea pesa kwenye kikundi, haijafika lakini yaja, nyie nendeni. Halafu akasema, mie na marehemu babake tulitoka pamoja mara moja tu, Lamu, Maulidi, tukalala siku nne kwa watu, na mpaka leo naisimulia. Watoto niletee mie.

Basi. Tukapata tarehe za mwisho wa Oktoba, baada ya Maulidi, msimu wa mapazia umelala. Hoteli tulilipa wenyewe, chumba kidogo upande wa Sultanahmet, manake yeye alikuwa ataka ile hoteli yake aliyoizoea ya Laleli, mtaa wa maduka ya wafanyibiashara, nikakataa katakata. Makoti tulinunua mitumba Kongowea, langu la kijani limefika magotini, zuri mpaka leo nalo. Usiku wa kuondoka nafunga sanduku nikakuta chini ya mashati yake ametia yale mabegi ya mkeka ya mistari, matupu, yamekunjwa vizuri kama shuka. Nikayatoa nikayaweka juu ya kitanda. Aliyaona. Hakusema kitu nami sikusema.

Njia ya kwenda uwanja wa ndege ile saa malori ya makontena yamejipanga Changamwe, tukakaa kwenye foleni mie nasoma dua zote nizijuazo, lakini tukawahi. Ndege ni masaa kama saba hivi na mie sikufunga jicho, yeye alilala kabla hata haijaruka, yaani kwake ni kama kupanda matatu ya Bamburi.

Mji mkubwa jamani. Mombasa yetu sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 1.2, huko wapita milioni 15, na wote kama wameamua kupanda ile tram moja siku ile tuliyofika. Ile tram yapita Laleli kabla ya kufika Sultanahmet. Ilipofika Laleli nikamwona mwenzangu shingo imegeuka, macho yako dirishani, atazama maduka. Nikamgusa begani nikamwambia kesho unipeleke, nataka kupaona. Akashtuka. Akasema si ulisema bila mzigo? Nikamwambia bila mzigo, lakini nataka kupaona.

Akanipeleka. Watu wamjua! Yaani kijana wa Kituruki amtoka mbio dukani amkumbatia, aniita yenge (nikaja kuambiwa ndo shemeji), tukaletewa chai ile ya vigilasi vyembamba kiunoni, moto, huwezi kushika. Akanionyesha hoteli yake, ngazi nyembamba, chumba kitanda kimoja na dirisha lipo lakini latazama ukuta. Halafu akaniteremsha chini, gorofa ya chini kabisa, ndo wanakofungia marobota ya kago. Wanaume wanne wamepiga magoti juu ya mzigo, wavuta selotepu. Kraaa. Kraaa. Nikasimama pale mlangoni sikuweza kwenda mbele. Ile sauti naijua miaka yote, jikoni kwangu, chumbani kwangu, simu iko sikioni mtoto yuko mgongoni nami najibu sikusikii, sema tena, sikusikii. Na mara ngapi nilikata simu kwa hasira nikaona huyu hana hata haja ya kutafuta pahali pa kimya akaongea nami. Sasa nilipaona. Hapakuwa na pahali pa kimya. Pale ndo penye Wi-Fi ya kupigia simu.

Tulipotoka nje nikashika mkono wa koti lake sikuuacha mpaka hotelini.

Siku zilizofuata tulitembea. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita, uliojengwa kati ya 1609 na 1616, mwaka ule ulikuwa na matengenezo ndani, nusu vyuma, lakini tulisali. Hagia Sophia foleni yake ilizunguka uwanja mzima, na ni jengo la mwaka 537, limekuwa kanisa, likawa msikiti 1453, likawa makumbusho, na 2020 likarudishwa msikiti. Niliingia nikatazama juu nikaona zile duara kubwa zimeandikwa majina, Allah, Muhammad, Abubakar, Omar, Uthman, Ali, Hassan na Hussein, na hakuna aliyeniongoza, nikayasoma mwenyewe moja moja vile tulivyofundishwa chuo cha Kurani Likoni tumekaa juu ya jamvi, machozi yakanitoka. Watu kando yangu walikuwa wafungua vitabu vya watalii watafute ni nini kimeandikwa.

Bei sitazisema sana. Mwezi ule vitu vilikuwa vyapanda vibaya Uturuki, mahoteli ya chakula yabandika bei mpya juu ya bei ya jana, na tulikula sana mikate ile ya ufuta, simit, na samaki wa kwenye mkate. Samaki ni mtamu lakini hana ndimu ya kutosha wala pilipili.

Nilichotaka kusimulia hasa ni feri.

Mie ni mtoto wa Likoni. Aprili 1994 ile feri ya Mtongwe ilipozama nilikuwa shule ya msingi, watu zaidi ya 250 walikufa asubuhi moja, watu wa kwenda kazini, na mtaani kwetu kulitandazwa mikeka nyumba baada ya nyumba mpaka sisi watoto tukawa hatujui tukae matanga ya nani. Tangu hapo mie kwenye feri sikai katikati ya watu. Nasimama pembeni, mkono kwenye chuma, nasoma mpaka mlango ushuke. Nimeolewa kisiwani na kila nikienda kwetu ni hivo hivo. Babake Nasra alijua kwamba siipendi feri, lakini hakujua kwa nini, hatukuwahi kukaa tukaongea.

Jioni moja tuko Eminönü, penye gati la feri, nikamwambia ng'ambo ile ni Asia, twende. Akasema hajawahi kuvuka. Miaka yote ile! Nikamuuliza kweli? Akasema kweli, ng'ambo hakuna mzigo. Basi nikawa mie ndiye wa kumvusha, mie nayeogopa. Tukagonga kadi tukaingia, nikatafuta chuma cha kushika kama kawaida yangu, na feri yao si kama yetu, ina viti vya kukaa, watu wametulia wanywa chai, mtu apita na sinia, wengine watupia ndege wa baharini vipande vya simit. Ikaondoka. Nikahisi ile mitetemo ya injini miguuni, ile ile. Akaniona. Akauliza una nini, nikamwambia yote, Mtongwe, mikeka, mwalimu wetu wa Kiswahili ambaye hakurudi darasani. Akanishika mkono. Mbele za watu. Huyu ni mtu ambaye Mombasa akitembea nami aenda hatua mbili mbele.

Halafu naye akasema. Akasema Idd ile, alisali msikiti wa Laleli, akatoka nje watu wote waenda makwao, akanunua mkate akakaa chumbani akapiga simu nyumbani, haikushikwa. Akapiga tena. Tulikuwa tumeenda Makadara, watoto wamepanda bembea, simu iko kwenye mkoba sikuisikia, na nilipoona baadaye sikumpigia, makusudi, manake nilikuwa na hasira. Hilo nikamwambia pale pale. Akasema nilijua.

Tulifika Üsküdar adhana ya Magharibi yatoka, tukasali msikiti wa Mihrimah Sultan uko pale pale mkabala na gati, yeye juu wanaume mie upande wa wanawake, tukakutana nje viatu mkononi. Tukakaa kwenye ngazi tukala chestinati za kuchoma, baridi ile, tukaongea mambo ya nyumba, ya mamake, ya Nasra ataka kusomea nini, na mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Feri ya kurudi nilikaa kwenye kiti. Katikati.

Tuliporudi kitu cha kwanza nilichofanya, hata sanduku sijafungua, ni kujifungulia namba yangu mwenyewe, na watoto, kila mtu na yake. Salio lililobaki kwenye akaunti ya babake Nasra ni dogo lakini kila akienda laongezeka, na ajensi nimemwambia mie mwenyewe kwa mdomo wangu, asikate tiketi bila kuandika ile namba na asimkubalie kulipia kilo. Nasra ashaanza kuuliza zamu yake lini. Nimemwambia angoje, za kwanza kutosha ni za bibi yake, Madina. Kikundi chake bado hakijafika zamu yake, na mie sitaki angoje zaidi.