Granada kwa yuro 20: kinywaji unalipa, sahani inajileta

Mjomba wangu alikuwa na msimamo mmoja kuhusu Uhispania: kama mfuko wako mwembamba, usikae Barcelona, panda basi uteremke Granada. Alikuwa ameishi Almería miaka mingi akifungasha nyanya na pilipili hoho kwenye mashamba yaliyofunikwa kwa plastiki ya El Ejido, na likizo zake zote alizimalizia humo humo Andalucía, jimbo la kusini lenye Almería na Granada. Oktoba 2019 nilimfuata, na Alhamisi moja akanipitisha Granada kuanzia asubuhi hadi usiku kwa yuro 20 kila mtu, wakati yuro ikiwa kama shilingi 115 za Kenya.

Alhamisi hakuichagua kwa bahati. Nitalifikia hilo.

Asubuhi tulikula tostada. Ni mkate mrefu uliochomwa, nyanya iliyosagwa, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Unaulizwa media au entera, nusu au mzima, na nusu inamtosha mtu ambaye mchana atakaa mezani. Mpangilio wake ndio unaoharibiwa na wageni: mafuta kwanza, yakanyweshwa mkate ungali moto, kisha nyanya, kisha chumvi juu kabisa. Ukianza na nyanya, maji yake yanalowesha mkate na mafuta yanateleza juu yasiingie. Pamoja na kahawa ya maziwa ilikuwa yuro 2.30 tukiwa tumesimama kaunta. Kwenye meza za nje, terraza, baa nyingi huongeza kitu, kwa hiyo soma ubao wa bei kabla ya kuvuta kiti.

Mchana ndio mlo wenyewe. Katika miaka ya 1960, wizara ya utalii ya serikali ya dikteta Franco, ikiongozwa na Manuel Fraga, iliwalazimisha wenye mikahawa kuuza mlo kamili kwa bei moja ili kuvutia watalii, na leo mlo huo, menú del día, ndio unaowalisha makarani na mafundi wa nchi nzima siku za kazi. Sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Tulilipa yuro 10. Wikendi mkahawa ule ule hupandisha bei au huiondoa menyu kabisa. Angalia pia neno dogo lililo kati ya kitindamlo na kahawa: likiwa “o”, yaani “au”, chagua kimoja, ukichukua vyote viwili, kahawa inaingia kwenye bili.

Sasa Alhamisi. Mikahawa mingi ya Uhispania hupika wali siku hiyo, na wali wa menyu hupikwa kwenye sufuria moja pana, mara moja tu, uive mnamo saa nane mchana. Ukifika saa nane kasoro, unapata punje zilizosimama na ukoko wa chini, ule unaogombaniwa kama ukoko wa pilau ya harusi. Ukifika saa tisa na nusu, unapata mabaki yaliyofunikwa, yakajipika kwa mvuke wake, yakawa mashendea. Rangi ya njano isikuhadae: kwa bei hiyo huwa ni unga wa rangi, zafarani haipo. Sioni ubaya. Ladha ya wali ule inatoka kwenye supu iliyoupika, na supu ya vichwa vya kamba haihitaji zafarani ili iwe tamu.

Ila uliza kilichomo. “¿Lleva cerdo?” Mjomba alimuuliza mhudumu, yaani una nguruwe? Wali unaoitwa mixta huwa na kuku na vyakula vya bahari, na wapishi wengine hutupia mbavu za nguruwe. Siku hiyo ulikuwa wa bahari mtupu. Dengu zilizokuwa kwenye menyu ile ile tuliziruka bila kuuliza, kwa sababu dengu za Uhispania kupikwa bila chorizo, soseji ya nguruwe, ni jambo la nadra.

“Usiwaambie huli nyama, mwanangu,” Mjomba alinionya. “Watakuondolea nyama na kukuwekea jamón.”

Nilidhani ananitania. Hakuwa. Jamón ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na kwa wapishi wengi wa kule vipande vyake ni kiungo, hawavihesabu kuwa nyama. Vinanyunyizwa juu ya salmorejo, supu nzito baridi ya nyanya, vinakaangwa na maharage mabichi, vinafichwa ndani ya croquetas, vitonge vya kukaangwa. Lomo ni nguruwe, carrillada mara nyingi ni shavu la nguruwe, na carne en salsa, nyama ya mchuzi, isiyotajwa mnyama mara nyingi ni yeye pia. Albóndigas, vile vidonge vya nyama ya kusaga, mara nyingi huchanganywa ng’ombe na nguruwe. Biskuti za sikukuu kama mantecados hukandwa kwa mafuta yake. Kwa hiyo sema wazi, “no como cerdo, ni jamón,” utaje vyote viwili. Kuku naye hakuchinjwa kwa kisomo, ndiyo maana sisi tulishika samaki, mayai na mboga.

Kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku majiko hufungwa. Hapo ndipo wasafiri wa bajeti huliwa fedha zao. Njaa inawabana saa kumi na mbili, wanaingia penye picha kubwa za paella mlangoni, wanaletewa wali uliotoka kwenye friza, mwaka ule kwa yuro 14. Kinga yake ni supamaketi. Nilinunua komamanga moja na mkate mdogo kwa yuro 1.10, tukavila tukipanda vichochoro vya Albaicín, mtaa wa kale, hadi karibu na ule msikiti uliofunguliwa 2003 unaotazamana na kasri la Alhambra. Maji tulijaza kwenye bomba la uwanjani. Maji ya Granada hutoka milima ya Sierra Nevada na ni matamu.

Saa mbili na nusu usiku tukashuka upande wa Calle Navas, mtaa wa baa.

Utaratibu wa Granada ni huu: unaagiza kinywaji, na pamoja nacho inakuja tapa, sahani ndogo ya chakula ambayo hukuiagiza na hulipii. Ukiagiza kinywaji cha pili, inakuja nyingine. Jaén na Almería wana desturi hiyo hiyo. Sevilla hawana, kule kila tapa ina bei yake. San Sebastián ndiyo kabisa, kila kipande kilichopangwa kaunta unakihesabia. Wageni wanaotoka huko wakifika Granada huomba orodha ya tapa, wakaletewa orodha ya raciones, sahani kubwa za kulipia, na hapo bure imeshapotea. Usiombe chochote. Agiza cha kunywa, nyamaza.

Wengi huagiza caña, glasi ndogo ya bia. Sisi tuliagiza mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa, yanayotolewa baridi na barafu na kipande cha chungwa. Yuro 2.20. Katika baa nyingi soda nayo inaleta sahani. Kahawa na chai hazileti, na glasi ya maji ya bomba haileti kitu. Anayetaka bia isiyo na kileo atofautishe: “sin” inaruhusiwa kuwa na kileo kisichofika asilimia 1, “0,0” ndiyo ambayo kileo chake ni kama hakipo.

Sahani ya kwanza ilikuwa boquerones, jamaa wa karibu wa dagaa, wa urefu wa kidole. Walikuwa wameondolewa vichwa na matumbo, wamepitishwa kwenye unga mkavu, wakakung’utwa kwenye chekeche, kisha mafuta mengi yenye moto mkali kwa muda wa dakika moja hivi. Hakuna yai, hakuna rojo la unga. Dalili ya kazi nzuri ni kwamba sahani haibaki na kidimbwi cha mafuta. Mafuta yakipoa kwa sababu mpishi amejaza samaki wengi kwa mkupuo, unga unakunywa mafuta badala ya kukauka, na samaki wanashikana. Hawa walikuwa wakilia wakitafunwa, mfupa na mkia pamoja.

Nikainua mkono niagize tena. Mjomba akaushusha. “Maliza kwanza. Ukiagiza vinywaji viwili pamoja, watakuletea sahani mbili za namna moja. Jiko linahesabu mzunguko.”

Ndivyo ilivyo. Katika baa zenye jiko la kweli, sahani hupanda ngazi: ya kwanza ya kawaida, ya pili bora, ya tatu ndiyo ambayo mpishi anajivunia. Wenyeji wengi hata hivyo huhama baa kila baada ya glasi moja au mbili, na Mjomba alikuwa wa kundi hilo. Mimi sikubaliani naye hadi leo. Ukihama unaanza ngazi upya kila mahali, na ngazi ya chini ya baa nyingi ni mkate: kipande cha mkate kimebeba kipande kingine cha kitu, na chipsi kando. Unashiba, ndiyo, lakini umeshiba ngano. Tukabaki.

Ya pili ilikuwa kabari ya tortilla, na ile nilitamani kuiiba pamoja na mpishi. Si mayai ya kukaanga yenye viazi. Ni viazi vilivyoshikanishwa na mayai. Kipimo cha nyumbani ni mayai 6 kwa viazi gramu 600 hadi 700 na kitunguu kimoja kikubwa. Viazi vinakatwa vyembamba, vinazamishwa kwenye mafuta ya zeituni yenye moto mdogo dakika 20 au 25, vilainike bila kugeuka rangi. Vikiwa vya kahawia vimeshakuwa chipsi, na yai haliingii ndani yake. Vinachujwa vizuri, vinachanganywa na mayai yaliyopigwa, vinaachwa dakika 10 vinyonye, ndipo virudi kikaangoni, vigeuzwe kwa sahani. Tortilla inayosambaratika ukiigeuza mara nyingi haikuchujwa mafuta ya kutosha. Ile yetu katikati ilikuwa bado inachuruzika kidogo, jambo ambalo mama yangu angelirudisha jikoni.

Ya tatu, bilingani na asali ya muwa. Asali yenyewe nyeusi, nzito, hupikwa kwa maji ya muwa huko Frigiliana, karibu na pwani ya Málaga. Bilingani hukatwa, huloweshwa kwenye maziwa ili uchungu utoke, hukung’utwa, hupakwa unga, hukaangwa, na asali humwagwa sahani ikiwa tayari inaelekea mezani. Ikimwagwa mapema, ngozi ile kavu hulainika ukala uji mtamu. Hii ndiyo tapa ambayo asiyekula nguruwe aombe kwa jina katika zile baa zinazoruhusu kuchagua.

Bili haiji mpaka uiite. Mhudumu alikuwa amezihesabu glasi kichwani kati ya watu waliobanana safu tatu kaunta, na hakukosea. Yuro 6.60 kila mtu. Kodi huwa ndani ya bei, bakshishi si lazima, wenyeji huacha sarafu za chenji. Nikapiga hesabu: kifungua kinywa 2.30, menyu 10, komamanga na mkate 1.10, jioni 6.60. Jumla 20 kamili.

Mjomba alitaka tumalizie chai ya nanaa kwa Wamoroko wa Calderería Nueva, nikamwambia bajeti imekwisha.

“Bajeti ni yako, mwanangu,” alisema, akaanza kuupanda mlima. Chai akalipa yeye.