Kubadilisha visomaji vya RFID vya mkononi ghalani: nilivyopima vya zamani na kuchagua vipya

Kisomaji cha RFID husoma kwa mawimbi ya redio tagi, yaani vibandiko vyenye namba vinavyowekwa kwenye mzigo. Cha zamani kikianza kuruka tagi, lawama ya kwanza huiangukia redio yake. Kati ya visomaji 14 vya mkononi nilivyopima katika ghala letu la Dar es Salaam, redio ilikuwa na hitilafu kwenye viwili tu. Tisa vilisumbuliwa na betri. Vitatu vilikuwa vizima kabisa, na hata hivyo navyo ilibidi viondoke.

Nilianza na daftari, kila kifaa mstari wake: namba yake, toleo la mfumo endeshi, mwaka ulioandikwa kwenye betri, hali ya kifyatulio, hali ya skrini, na mipasuko kwenye kasha la antena. Mpasuko wa antena usipuuzwe. Kifaa kilichoanguka kutoka kwenye foklifti huweza kuwaka vizuri, kikaonyesha kila kitu sawa, kumbe waya mwembamba unaounganisha antena na redio umelegea ndani. Kipimo chake ni chepesi: bandika tagi moja kwenye boksi tupu la karatasi, liweke usawa wa kifua mahali pasipo na chuma karibu, kisha rudi nyuma polepole huku nguvu ya redio ikiwa ileile kwa vifaa vyote. Andika umbali ambao tagi inapotea. Kifaa kinachopoteza tagi mapema kuliko wenzake kwa theluthi nzima au zaidi kiweke kando. Vile viwili nilivipata kwa njia hii.

Betri zinahitaji subira zaidi. Kifyatulio kikibanwa, redio huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri ya lithiamu iliyochoka hushindwa kuhimili, volti inashuka, na kifaa kinapunguza nguvu au kujizima huku skrini ikionyesha asilimia 40. Anayehesabu mzigo anaona tagi hazisomeki na kuripoti kwamba antena ni mbovu. Nilichaji betri zote mpaka zijae, nikaviacha vifaa visome mfululizo kwa nguvu ya redio ya 30 dBm (kipimo cha desibeli), yaani wati 1, na kuandika dakika mpaka kila kimoja kizime. Kisha nikanunua betri mpya nne kwa ajili ya vifaa vya zamani. Hapo wahasibu huuliza kwa nini utie fedha kwenye kitu unachotaka kukitoa. Jibu ni kwamba ukilinganisha kisomaji kipya na cha zamani chenye betri iliyochoka, unalinganisha betri, na utalipia redio usiyoihitaji.

Basi kwa nini hata vile vizima viliondoka? Vyote vilikuwa vya Windows Embedded Handheld 6.5, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Vifaa hivyo vinaishia kwenye TLS 1.0, toleo la zamani la usimbaji unaolinda data njiani, wakati seva iliyolindwa ipasavyo inadai TLS 1.2 kwenda juu, na havielewi WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi. Ili viendelee kufanya kazi lazima uache mlango wazi kwenye seva kwa ajili yao. Kama huwezi kubadilisha mara moja, vitenge kwenye mtandao wao peke yake na uweke kompyuta ya kati inayopokea data kutoka kwao na kuifikisha kwenye seva kwa TLS 1.2. Sisi tuliishi hivyo kwa miezi michache. Kuishi hivyo kwa miaka siwezi kumshauri mtu, kwa sababu kompyuta hiyo ikizimika ghala zima linasimama.

Kabla ya kuomba bei, hakikisha masafa. Mtandaoni utaona visomaji vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, vinavyorusha kati ya 902 na 928 MHz. Kwetu sehemu ya kati ya 890 na 915 MHz ni njia ambayo simu za GSM 900 hurushia mawimbi kwenda kwenye minara, kwa hiyo kisomaji cha namna hiyo kinapiga kelele juu ya mawasiliano ya watu. Vifaa vingine vimefungwa kiwandani, huwezi kuvibadilisha eneo kwa mpangilio wa programu. Muulize muuzaji kwa maandishi eneo la masafa la kifaa, kisha upate idhini ya aina ya kifaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla mzigo haujafika bandarini. Tagi zenyewe hazina shida, nyingi za siku hizi hufanya kazi kuanzia 860 hadi 960 MHz.

Upimaji wenyewe niliufanya kwenye njia mbili za raki zilizopakana, ghalani humohumo, mchana wa kazi. Niliweka tagi 120 ambazo namba zake ninazo kwenye orodha: 60 kwenye majora ya vitenge na katoni za nguo, 20 kwenye madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula, 20 kwenye madumu ya sabuni ya maji, na 20 kwenye makopo ya rangi. Nikaongeza tagi tano za mtego upande wa pili, kwenye raki ya jirani. Mtu mmoja alitembea kwa mwendo wake wa kawaida, mizunguko mitatu kwa kila kifaa, na nilihesabu tagi za kipekee zilizopatikana pamoja na mitego iliyosomwa kimakosa. Mitego ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kifaa chenye hisia kali kinachosoma mpaka kwa jirani kitakuonyesha mzigo mahali usipokuwepo, na kosa hilo ni gumu kulikamata kuliko tagi iliyorukwa.

Kwenye vitenge na nguo, cha zamani chenye betri mpya kilipata zote 60, sawa na vipya. Tofauti ilikuwa muda tu: cha zamani kilihitaji mizunguko miwili ya njia, vipya mmoja. Madumu ya mafuta ya kula yalisomeka karibu yote, ya sabuni hayakusomeka kwa kifaa chochote, kipya wala cha zamani. Sababu ni maji. Mafuta hayanyonyi sana mawimbi haya, lakini maji huyanyonya na kuivuruga antena ya tagi iliyobandikwa juu yake. Tulihamisha tagi za sabuni kutoka ubavuni kwenda kwenye mpini wa dumu, mahali penye hewa nyuma yake, zikaanza kusomeka hata kwa kisomaji cha zamani. Makopo ya rangi yalihitaji tagi maalumu za kubandikwa juu ya chuma, ambazo ni ghali zaidi. Ningependa kila anayeandaa bajeti ya visomaji afanye kipimo hiki kwanza, maana sehemu ya fedha inaweza kuwa inatakiwa iende kwenye tagi.

Sasa mipangilio, ambako ulinganisho mwingi huharibika. Kila kifaa hutoka dukani na mipangilio yake, na muuzaji huja na kifaa chake kimeshawekwa kinavyopendeza machoni. Jambo kubwa ni sesheni, yaani mpangilio unaoamua tagi inyamaze muda gani baada ya kusomwa; ziko nne, S0 hadi S3. Tagi ikishasomwa hugeuza alama yake kutoka A kwenda B na kunyamaza. Katika S0 alama hurudi A mara tu tagi inapokosa nguvu ya mawimbi. Katika S1 hurudi yenyewe baada ya nusu sekunde hadi sekunde 5. Katika S2 na S3 hubaki B muda wote tagi inapofikiwa na mawimbi, na angalau sekunde 2 baada ya kukatika. Matokeo yake, kifaa kilichowekwa S0 huonyesha namba kubwa za kusoma kwa sekunde, lakini kinarudia tagi zilezile za karibu, za nyuma hazipati nafasi. Kwa kuhesabu mzigo mwingi tumia S2, kwa kutafuta katoni moja iliyopotea tumia S0. Na watu wawili wakihesabu njia moja kwa S2, tagi aliyoisoma mmoja inanyamaza kwa mwenzake, hesabu zao zote mbili zinatoka pungufu. Mpe mmoja S2 na mwingine S3, kwa kuwa kila sesheni ina alama yake.

Nguvu nayo ipimwe. Ukishusha desibeli 6, kutoka 30 hadi 24 dBm, umbali wa kusoma unapungua kama nusu. Vifaa vipya viwili kati ya vitatu tulivyojaribu vilisoma mitego yote mitano kwa nguvu kamili. Kwa 24 dBm vilisoma mmoja, na bila kupoteza tagi za upande wetu. Tumeviacha hapo kwa hesabu ya raki, na 30 dBm inatumika kwenye eneo la kupokelea mzigo tu.

Kifaa cha tatu antena yake ilirusha mawimbi kwa mlalo mmoja. Kilifika mbali kuliko vyote lakini kikaruka tagi zilizobandikwa wima. Kwa ghala ambalo tagi zake zinaelekea upande mmoja kingefaa. Letu silo.

Tulichagua sita vya kipande kimoja, vyenye Android na mpini, kwa wanaofanya kazi zamu nzima, na vitatu vya kuunganishwa na simu kwa Bluetooth kwa ukaguzi wa mara chache. Hivi vya simu ni nafuu, lakini vina betri mbili za kuchaji na muunganiko unaoweza kukatika katikati ya hesabu. Jumla ni tisa badala ya 14, kwa kuwa kasi imeongezeka.

Programu ndiyo iliyokula muda. Njia ya haraka ni kukiacha kisomaji kijifanye kibodi na kuandika namba kwenye ukurasa, kama skana ya msimbopau. Inafaa kwa tagi moja moja. Ukifyatua kwenye paleti yenye tagi 200, herufi zinagongana na namba zinakatika, kwa hiyo tumia maktaba ya programu ya mtengenezaji inayoleta tagi kwa makundi. Angalia pia urefu: namba ya biti 96 ina herufi 24, ya biti 128 ina 32, na programu yetu ya zamani ilikata kila kinachozidi 24 bila kutoa onyo. Tuliweka chujio lipokee namba zinazoanza na 30 tu, alama ya SGTIN-96, mfumo wa kuandika namba ya bidhaa kwenye tagi, ambao bidhaa zetu zote zinautumia, hivyo tagi za aina nyingine zinazoingia na paleti au makreti ya watu hazihesabiwi.

Vya zamani na vipya vilifanya kazi sambamba wiki mbili, njia moja ya raki kwanza, tukilinganisha orodha kila jioni. Betri za akiba ni tano kwa vifaa tisa. Chaja ziko ofisini kwenye kivuli, hazikai tena chini ya bati, kwa sababu chaja nyingi husitisha kuchaji betri ikipata joto la nyuzi 40 na kitu, na asubuhi unakuta kifaa kina nusu. Vifaa vilivyotolewa tulivifuta data na nywila za Wi-Fi, tukavitoa betri, tukaziba ncha za umeme za betri hizo kwa utepe, na kukabidhi vyote kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Viwili vizima vimebaki kabatini, bila mtandao, kwa ajili ya kukagua tagi mpya kabla hazijabandikwa.