Eroo iliyojificha kwenye ukurasa mweupe

Jumamosi moja asubuhi simu inaita, ni mzee mhazini wa saccos moja niliyowatengenezea mfumo wa kupokea amana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ile ya mtu asiye na raha, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, hivi huu mfumo wako unakula hela?" Kumbe kuna mwanachama kaja na stakabadhi ya laki na nusu, anayo mkononi, ila kwenye mfumo hamna kitu, na dada wa kaunta anaapa kwamba aliingiza.

Nikaenda. Nikamwambia dada arudie vilevile alivyofanya siku ile, mimi nimesimama nyuma yake. Akajaza, akabonyeza Hifadhi, ukurasa ukarudi na fomu tupu, na yeye mkono ushafika kwenye kitabu anataka kuita anayefuata. Nikamwambia dada subiri, soma hapo juu. "Wapi?" Hapo chini ya nembo. Akasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa skrini: maandishi meusi ya kawaida juu ya weupe, "Namba ya stakabadhi imeshatumika". Kuna siku mtu alikosea akaandika 7 badala ya 1, basi namba ya huyu mwanachama ikawa ishachukuliwa. Yaani mfumo ulikataa, ukasema umekataa, ila ulisema kwa kunong'ona. Na mbaya zaidi ikikubali fomu inarudi tupu, ikikataa pia inarudi tupu. Sasa yeye angejuaje?

Nilishuku nini kimetokea kabla hata sijafungua laptop. Natumia Django, zana ya kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python, na Django ina leveli tano za meseji za kumwonyesha mtumiaji: debug 10, info 20, success 25, warning 30, error 40. Hizo namba zinafuata zile za logging ya Python (yaani kuandika kumbukumbu za yanayotokea kwenye programu), ila Python haina leveli ya "mambo yamekubali" ndo maana success imebanwa pale 25 kama abiria wa tano kwenye siti ya wanne. Ukiita messages.error, meseji inapata tagi "error", na mimi kwenye templeti (faili la muundo wa ukurasa) nilikuwa nabandika hiyo tagi baada ya neno alert- ili Bootstrap, ile seti ya mitindo ya kupamba kurasa, iweke rangi. Success inakuwa alert-success, kijani safi. Warning sawa, info sawa. Error inakuwa alert-error, na Bootstrap ya sasa haijui kitu hicho, yenyewe inajua alert-danger (zamani toleo la 2 lilikuwa na alert-error, likaja likabadilishwa). Haikulalamika wala nini, ilikaa kimya tu bila rangi. Meseji zote zimevaa, ile moja muhimu kuliko zote ndo ikakosa nguo. Na mimi kwenye kujaribu nilikuwa naingiza data nzuri tu, naona kijani, nafunga naenda kula.

Dawa ni mstari mmoja kwenye settings, MESSAGE_TAGS, unaiambia error iitwe danger. Dakika mbili. Nikadhani nimemaliza.

Wiki iliyofuata nikakaa pale kaunta asubuhi nzima na hapo ndo nikaona mengine. Monitor yao ni ya zamani na dirisha liko nyuma ya dada, jua la saa nne likipiga pale, ile njano ya Bootstrap na weupe ni kitu kimoja. Nikaacha kutegemea rangi peke yake, kila meseji sasa inaanza na neno: IMEINGIA, HAIJAINGIA, ANGALIA. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani naye anafaidi humohumo. Na fomu ikikataliwa hairudi tupu tena, inabaki na alichojaza.

Hilo neno ANGALIA lina historia yake. Mwanzo niliandika "Onyo", na dada akaniuliza kwa upole kama hiyo inaenda kwa meneja, maana kwake onyo ni ile barua ya kazini, ya tatu unafukuzwa. "Hatari" nayo haifai, unakumbuka lile fuvu kwenye transfoma, na kijana wa mjini anaweza kudhani unamsifia. Angalia inatosha, maana warning yangu inasema tu kwamba kitu kimeingia ila kitazame tena, mfano amana ni kubwa kuliko kawaida ya huyo mwanachama.

Halafu kulikuwa na hii ya meseji kurundikana. Django inatunza meseji kwenye kuki (kifurushi kidogo cha data kwenye browser), zikizidi inahamishia kwenye sesheni (kumbukumbu za mtumiaji huyo upande wa seva), na haizifuti mpaka templeti izisome. Ukurasa wangu wa kuchapa stakabadhi haukuwa unazisoma, basi dada akichapa tano mfululizo, akirudi kwenye fomu anakuta "Imeingia" tano zimepangana kama matofali, hajui ipi ya nani. Nikafanya kila meseji itaje jina na kiasi. Ya kijani nimeiacha ijifute baada ya sekunde tano, nyekundu haijifuti hata iweje, mpaka mtu aifunge kwa mkono wake. Mtu anaweza kuwa ameinama anahesabu noti.

Sasa hivi tunabishana na mzee mhazini. Anataka mwanachama mwenye deni lililochelewa akiingizwa jina, itoke nyekundu. Nikamwambia mzee, nyekundu ni pale mfumo umeshindwa kufanya alichoagizwa, na hapa mfumo haujashindwa kitu, tukijaza nyekundu kila mahali dada ataanza kuzifunga bila kusoma. Akaniangalia juu ya miwani, "Kwako haujashindwa kitu. Kwangu hela iko nje miezi minne." Kwa sasa nimeiweka njano, na neno DENI kwa herufi kubwa. Alhamisi kasema anakuja na mwenyekiti.