Nilivyowashukuru wazazi kwa Kiingereza

Mwaka 2003, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, niliteuliwa kusoma risala ya wahitimu kwenye mahafali. Kwa Kiingereza, mbele ya mgeni rasmi, mimi niliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Nadhani waliniteulia sauti.

Lakini viambishi nilivijua. Madam wetu wa Kiingereza kila kiambishi alikitafutia ndugu yake wa Kiswahili. "Un-" ya "unlock" ni ile -ua ya funga na fungua, kunja na kunjua. "Un-" ya "unhappy" ni kukanusha tu, msizichanganye. "-Able" akaifananisha na -ika: mwandiko unaosomeka, kikombe kinachovunjika. Na kwa nini "impossible", si "inpossible"? Akatuuliza: mnasema nyumba nzuri, mbona hamsemi nyumba nbaya? Midomo ikijiandaa kutamka p au b, n inageuka m yenyewe. Darasa zima tulikuwa tunajitamkia "nbaya, nbaya" kama wehu.

"-Less" ikawa nyepesi kuliko zote: bila. "Homeless", asiye na makazi. "Priceless", kisicho na bei kwa jinsi kilivyo bora. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Usiku nikaandika kwa mwanga wa kibatari. Walimu nikawashukuru kwa "priceless patience". Wakafuata wazazi, na neno sikutaka kulirudia. Nikapiga hesabu: "price" ni bei, "worth" ni thamani. Basi kama kisicho na bei ni bora...

"And we thank our parents for their worthless support!" nilisoma kwa mbwembwe.

Chini ya turubai wazazi wakapiga makofi. Mama akapiga kigelegele. Meza kuu, mgeni rasmi aliinamia chupa yake ya maji, na Madam akajifunika uso kwa karatasi ya ratiba.

Baada ya pilau akaniita pembeni.

"Bei anaipanga muuzaji. Kitu kinaweza kuwa bora mpaka akashindwa kuipanga. Lakini 'worth' imo ndani ya kitu chenyewe. Ukiitoa, kinabaki nini?"

"Takataka, Madam."

"Ndizo ulizowashukuria wazazi. Neno ulilolitafuta ni 'invaluable'."

Nikabisha: "in-" si kukanusha? Si yale yale?

"Inakanusha nini? Pale 'valuable' ni kile kinachoweza kukadiriwa, -ika yetu ile ile. Ikanushe."

"Kisichokadirika."

"Haya, nenda kanywe soda."

Njiani kurudi nyumbani mama akauliza, "Mwanangu, pale ulipotutaja wazazi, ulisemaje?"

"Nilisema msaada wenu haukadiriki, mama."

Akaiomba ile karatasi. Mpaka leo imo kwenye sanduku lake la khanga, na neno lenyewe limo vile vile. Sijapata ujasiri wa kulikata.